Sifa Moja, Swali Moja

Katika darasa la jioni walimwita Mama Pasi, kwa kuwa mchana kutwa alinyoosha mashati ya watu katika duka la dobi, na alipofika darasani nguo zake zilikuwa bado zinanukia mvuke na wanga wa kola. Alianza shule akiwa na mvi. Majirani walimcheka, wakamuuliza kama anasomea kazi ya peponi. Naye akawajibu kwamba Mungu hafungi mlango wa rehema kwa kutazama umri wa mtu, sembuse mlango wa darasa.

Mwalimu wao alikuwa binti ambaye kila mmoja pale angeweza kumzaa, lakini masihara hakuyataka. Aliwafungulia blogu, akawafundisha kuiandikia katika chumba cha kompyuta.

"Daftari nalisoma mimi peke yangu," aliwaambia. "Blogu anaisoma yeyote. Na mtu akijua kwamba atasomwa, huandika kama anayetoka nyumbani: amenawa uso na kuvaa viatu."

Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Kila somo, kila mwanafunzi aliandika habari fupi ya maisha yake. Kisha alisoma ya mwenzake na kuacha maoni chini yake: sifa moja, swali moja. Aliyeulizwa alipaswa kujibu katika habari inayofuata.

"Swali lisilojibiwa," Mwalimu alipenda kusema, "ni mgeni aliyeachwa mlangoni."

Aliyesahau kuweka jina lake, blogu yenyewe ilimwita Mgeni.

Mama Pasi aliandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Alipofika mwisho wa sentensi, mwanzo wake ulikuwa umeshamtoka kichwani. Wala hakurudi kuisoma. Aliona aibu kukutana na makosa yake. Alisema "Amina", akabonyeza kitufe cha kuchapisha, akainuka. Kwa hiyo alisoma maoni ya watu kwa uchu, lakini maneno yake mwenyewe hakuyajua.

Siku moja alikuta maoni haya: "Umeandika vizuri, Mama. Je, mlango wa kijani bado unakwama mvua ikinyesha?"

Akayasoma mara ya pili. Nani angejua kwamba mlango wake hukwama? Mwanawe wa kwanza ndiye aliyekuwa akiusukuma kwa bega. Kijana huyo aliondoka nyumbani baada ya ugomvi na mama yake, wakati mdogo wake, Kitinda, alikuwa bado ananyonya. Tangu hapo hakuleta hata salamu. Kila alfajiri Mama Pasi alimtaja mwanawe katika sala kabla ya kujitaja yeye mwenyewe.

Chini ya maoni yale paliandikwa: Mgeni.

"Ni wewe huyu?" alimuuliza Fundi Bomba, jirani yake wa kiti, ambaye alikuwa anarekebisha mabomba ya nusu ya mji.

"Mimi? Mama, tangu nijue kuandika jina langu, naliandika kila mahali. Hata bomba nikiziba, naweka sahihi."

"Ndiyo maana yanavuja," alidakia mtu nyuma yao, na darasa likacheka.

Mwalimu naye alikana. "Nilidhani ni mmoja wenu. Tena anaifuata kanuni kuliko ninyi nyote."

Mama Pasi hakucheka. Alirudi nyumbani miguu ikiwa haigusi chini, na kabla ya kulala alipiga magoti akashukuru hadi sauti ikamkauka.

Tangu siku hiyo Mgeni hakukosa. Kila somo alileta sifa moja na swali moja. Alisifu wimbo ambao Mama Pasi aliwaimbia wanawe walipolala na njaa, kisha akauliza kama bado anauimba. Alisifu kitanda cha kamba kilicho karibu na dirisha, kisha akauliza nani anakilalia siku hizi. Mama Pasi alijibu yote, maana kanuni ni kanuni, na mtoto ni mtoto. Naye alipouliza, "Mwanangu, ni wewe?" Mgeni aliandika: "Swali zuri, Mama. Je, wewe unaonaje?"

Mtu mwenye kiu haulizi kisima kilichimbwa na nani. Alijibu kwamba anaona ni yeye.

Kisha likaja hili: "Una moyo wa kusamehe, Mama. Je, nikija wakati uko darasani, nani atanifungulia?"

Jioni ile ile alimwita Kitinda, ambaye sasa alikuwa msichana wa shule ya msingi mwenye maneno mengi kuliko kimo.

"Kaka yako anakuja. Akibisha, mfungulie."

"Nitamjuaje, na mimi sijawahi kumwona?"

"Damu itakwambia."

"Damu haina mdomo, Mama."

"Mfungulie, nimesema."

Na katika blogu akaandika: Mdogo wako atakufungulia.

Somo lililofuata, Mwalimu aliwapa kazi mpya. Kila mmoja asome habari zake mwenyewe tangu ya kwanza, achague iliyo bora. Mama Pasi alijaribu kukwepa. Alisema macho yanauma, kisha akasema kiti kinayumba.

"Shujaa wa pasi anaogopa maneno yake?" Fundi Bomba alimtania. "Soma, Mama. Ile ya mlango wa kijani ndiyo nzuri kuliko zote. Mimi mwenyewe niliisifu."

"Mlango gani?"

"Ule unaokwama mvua ikinyesha. Si uliandika somo la kwanza kabisa?"

Mama Pasi akageukia kompyuta polepole. Akaanza kusoma, kidole kikifuata maneno juu ya kioo. Ulikuwepo mlango wa kijani. Ulikuwepo wimbo, na kitanda cha kamba karibu na dirisha, na bega la mwanawe. Yote yalikuwa pale, kwa makosa yake yale yale ya herufi, na kila moja liliandikwa kabla Mgeni hajalitaja. Alitafuta neno moja tu ambalo Mgeni alilikumbuka yeye mwenyewe, bila kupewa. Alirudia tangu juu hadi chini. Hakuliona.

Mgeni hakuwahi kumwambia kitu. Alimrudishia tu vyake, kisha akaomba vingine.

Aliinamisha kichwa. Ee Mungu wangu, alisali kimoyomoyo, nisamehe uongo ninaotaka kuuandika. Kisha, kwa mara ya kwanza, aliandika akijua kila neno: Mwanangu alipokuwa mdogo alianguka na baiskeli yake, akapata kovu kubwa kwenye goti la kushoto. Nikiliona kovu lile nitamjua.

Nyumbani kwake hapakuwahi kuwa na baiskeli. Mwanawe hakuwahi kuwa na kovu gotini. Alikuwa na alama nyingine, aliyozaliwa nayo, ambayo Mama Pasi hakuwahi kuiandika popote. Nasi hapa hatutaiandika.

Akabonyeza kitufe. Safari hii hakusema "Amina". Kabla hajaondoa kidole, jibu lilikuwa limeshatokea.

"Simulizi tamu, Mama. Lile kovu bado linaniwasha wakati wa baridi. Je, mdogo wangu yuko peke yake sasa hivi?"

Fundi Bomba, aliyekuwa anachungulia, aliacha kutabasamu. "Huyu kasoma saa ngapi? Mimi niko hapa kando yako na bado sijafika nusu."

Mama Pasi alikuwa ameshafika mlangoni. Simu ya nyumbani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mkobani mwake, haina wa kumpigia. Alisikia Mwalimu akimwita lakini hakugeuka. Jua lilikuwa limezama lakini mwanga ulikuwa haujaisha. Maduka yalikuwa yanafungwa, na watu waliotoka kazini walimpisha njiani wakidhani amefiwa. Alikimbia na viatu mkononi. Sala zote alizozijua zilimpotea, likabaki neno moja tu: mtoto wangu, mtoto wangu.

Aliukuta mlango wa kijani umerudishwa tu, haukufungwa. Mvua haikuwa imenyesha, lakini ulikwama. Akausukuma kwa bega.

Kitinda alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, mzima, anakula mkate.

"Mama! Mmepishana kidogo tu. Kaka amekuja."

Mama Pasi alifunga mlango, akasukuma komeo, akaegemea pale akihema. Kisha akamvuta mtoto, akampapasa kichwa, mikono na mgongo.

"Amekugusa?"

"Hapana. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini tu, akasema hawezi kuingia mpaka wewe umjue. Mama, unaniumiza."

"Akasema nini kingine?"

"Anaongea kama nyinyi mnavyofundishwa. Akasema, mdogo wangu, una macho mazuri, je, mama atachelewa? Nikamwambia sijui. Akasema, chumba kisafi, je, ile kamba ya kitanda ilibadilishwa lini? Nikacheka. Nikamwambia, wewe kweli umetoka kwa mwalimu wa Mama." Kitinda akapunguza sauti. "Ila hanuki kitu, Mama. Watu wote wananuka kitu. Wewe unanuka pasi."

"Uso wake ukoje?"

Mtoto akafikiri, mkate ukiwa mkononi. "Sikumbuki. Nilimtazama, lakini sikumbuki. Goti ndilo nalikumbuka."

"Goti gani?"

"Alipandisha suruali akanionyesha kovu. Goti la kushoto. Mama, lilikuwa bichi. Kama amelipata leo hii, njiani."

Mama Pasi akarudi kulishika komeo. Mtego alikuwa ameutega yeye, na aliyenaswa alikuwa amekuja na mtego mguuni.

"Halafu akaenda wapi?"

"Sikumwona akienda. Akasema hilo kovu unalijua wewe, lakini halijakuridhisha, ameona. Akaniachia swali nikupe. Akasema kanuni ni kanuni."

"Swali gani?"

"Ameuliza: je, alama ya kweli ni ipi?"

Nje palikuwa kimya. Hata vyombo vya jirani, ambavyo wakati huo hugongana, havikusikika. Mama Pasi alitazama chini ya mlango, pale mwanga wa mwisho wa jioni ulipoingia kama utepe mwembamba. Utepe ule haukuwa mzima. Palikuwa na sehemu mbili nyeusi katikati yake, kama za nyayo za mtu aliyesimama.

Swali lisilojibiwa ni mgeni aliyeachwa mlangoni. Na iwe hivyo, alisema moyoni. Bwana, nipe nguvu ya kumwacha hapo, hata kama sauti yake itakuwa ya mwanangu.

"Lakini Mama," Kitinda akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile inayosikika hadi uani, "mbona hiyo alama mimi naijua? Si huwa unaitaja alfajiri ukisali, ukidhani nimelala? Kaka alizaliwa na—"

Mama Pasi akamziba mdomo kwa kiganja.

Mlango wa kijani ukalia taratibu, kama mlango unaoegemezwa sikio.