Doa Lililosafishwa

Ofisini kwetu wananiita shemeji. Mume wangu alitangulia kuajiriwa pale, basi nilipoingia na shahada yangu, kubwa kuliko yake, cheo nilichopewa ni hicho.

Kazi yetu ni kusoma picha za anga zinazotoka kwenye darubini ya mlimani. Mume wangu ndiye aliyeandika programu ya kuzisafisha. Inaondoa mwanga wa mwezi, taa za mji na kila utando, nyota zibaki kwenye weusi mtupu. Weusi ule anauringia kama mtu aliyefua mashuka.

Mimi nilizitazama kabla hazijasafishwa. Nikaona doa pana, hafifu, kama pumzi kwenye kioo. Katika kila picha lilikuwa palepale, hata mwezi usipokuwepo. Ile ilikuwa galaksi, nyota zake zimetawanyika mno hata nuru yake inakaribia kulingana na giza.

Nilimwambia mezani, tukila.

"Mama watoto, huo ni mng'ao tu. Ingekuwa galaksi, programu ingeiacha."

"Programu yako inafuta chochote kipana na hafifu. Haichagui."

"Haya, profesa," akacheka.

Nikamsihi asiguse zile picha za mwanzo mpaka nimalize vipimo. Akasema sawa. Wiki ileile akazifuta, eti kompyuta imejaa, akabakiza zilizosafishwa. Nilipolia, akaniuliza kama nalilia ukungu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimeza hasira, na hadi leo haijashuka.

Jana watafiti wa nchi nyingine walitangaza galaksi hiyohiyo. Mkuu wetu akaitisha kikao: kwa nini sisi hatukuiona? Mume wangu akasimama. Akaeleza, kwa ufasaha mkubwa, kwamba kusafisha anga kupita kiasi kunafuta vitu vipana na hafifu, na kwamba kuanzia sasa programu yake itaviacha. Maneno yangu hayo, hakuyabadilisha hata nguo. Wenzetu wakampigia makofi.

Mkuu akanigeukia. "Na wewe unayeshinda na hizo picha, hukuona kitu?"

"Niliona."

"Ziko wapi?"

"Zimefutwa," nikasema, nikamtazama mume wangu. Akainama kama anayefunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Mkuu akatikisa kichwa kwa huruma.

"Siku nyingine ukiona kitu, shemeji, mwambie mumeo."