Bizari Chini ya Gari

Hapa Maskati hapana bibi anayelijua tumbo la gari ya mbio kuliko mimi. Nnaijua kila bolti na kila ukingo. Nililisoma siku ile nilipoingia chini yake kufuata kijiko changu kilichodondoka, nikakwama, nikalala pale nnalitazama mpaka mjukuu wangu Shatha aliporudi kazini akanivuta miguu kama zulia. Basi usomi wangu wote ni huo, na skuli ya msingi.

Gari yenyewe ni ndogo, kongwe, rangi ya samli. Shatha siku za kazi ni mhandisi wa mabomba ya maji. Siku za mapumziko hushindana na watu wazima wenzake wanaozungusha magari uwanjani kwa kujifurahisha, na mshindi hupewa kikombe cha bati. Mwezi uliopita, kwenye kona ndefu, gari ilinyanyua matako ikazunguka kama pia. Haikugonga kitu. Lakini mtu aliipiga video, video ikamfikia bwana wangu Sleiman, naye akaitazama mpaka simu ikazimika mkononi.

"Iuzwe," akasema.

"Babu, dawa yake nnaijua. Nitaitia vibao tumboni, upepo upite vizuri, gari iikumbatie njia."

"Itie vibao, itie hirizi, iuzwe."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakaafikiana: siku ya mashindano, wakaguzi wakivikubali vibao, gari inabaki. Wakivikataa, inauzwa siku hiyo hiyo. Shatha akampa babu yake mkono. Gari ile aliinunua maiti, akaifufua mwenyewe hapa barazani.

Mimi sikufahamu upepo wa chini una faida gani. Shatha akanishika mkono mpaka uani, kwenye kanga zangu mbili zilizoanikwa kamba mbili za karibu karibu.

"Tazama, Bibi."

Upepo ukapita katikati. Kanga zikavutana, zikagandana kama maharusi.

"Umeona? Upepo ukipita mbio baina yao, zinavutwa. Sasa gari ndiyo kanga moja, na lami ya pili."

"Kumbe unataka kuiozesha gari na lami," nikasema. "Walii nani?"

"Wakaguzi, Bibi. Na wagumu kweli."

Akanisomea sheria zao. Vibao viwe bapa, vifungwe imara visicheze. Kigogo cha mbao cha wakaguzi kipite chini ya gari bila ya kugusa kitu, na dereva kakaa ndani. Nyuma ya matairi ya nyuma tu ndipo kibao kinaruhusiwa kupanda juu kidogo, upepo upate pa kutokea.

"Na sketi marufuku," akamalizia.

"Sketi! Nani aliyeivisha sketi?"

Kumbe sketi ni vipande vya mpira wanavyovining'iniza ubavuni, upepo wa pembeni usiingie.

"Maskini ya Mungu," nikasema. "Gari ya watu itembee uchi, na mkaguzi ndiye aliyetaka!"

Sleiman yuko dirishani, pale anapoweka kopo lake la maziwa la bolti kuukuu lisiloguswa na mtu; kashika simu yake, ati anasoma habari. Akakohoa. Mimi kikohozi cha yule bwana nnakijua, na kile kilikuwa kicheko.

Vibao Shatha alivikata kwenye bango la duka moja la halwa lililofungwa kule Matrah. Ubao wake mwepesi, una ngozi ya bati pande zote mbili. Neno "halwa" likabaki linatazama chini, ardhi ijisomee.

Alipokwisha kuvifunga akataka kuona upepo unapita wapi. Wenye mali hupaka rangi maalumu. Mimi nikampa bizari ya manjano niliyoichanganya na mafuta ya kupikia. Akapaka tumbo zima, akaipeleka gari uwanjani kuijaribu, akarudi akaipandisha juu ya vyuma vyake, tukaingiza kioo kutazama. Mbele mistari ya bizari imenyooka kama nywele zilizochanwa sasa hivi. Nyuma, pale kibao kinapopanda, bizari imejikusanya, imezunguka zunguka kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata.

Shatha akapitisha kidole kwenye ile bizari. "Nimekipandisha kwa pupa," akasema. "Upepo umeshindwa kukifuata, umekiacha njiani."

Akakilaza kidogo, akapaka tena, akajaribu tena. Bado. Akakilaza tena. Wiki nzima sakafu ya barazani imepakaa manjano, nyumba yangu inanuka mchuzi na mchuzi wenyewe hapana. Mpaka siku moja mistari ikatoka moja kwa moja hadi ukingoni, akanirukia kunikumbatia, akanipaka manjano uso mzima.

Alipokwenda kunawa nikasikia ukelele. "Bibi! Nnatoka damu!"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Huyu kweli hajawahi kufua kanga ya jikoni. Bizari ikikutana na sabuni hugeuka nyekundu, we mtoto!

Basi ikaja Ijumaa, kesho ndiyo ukaguzi. Asubuhi Shatha akakaa ndani ya gari, mimi nikapewa kigogo alichokichonga kwa kipimo cha wakaguzi nikipitishe chini. Kikaenda, kikaenda, kule nyuma kikakwaruza. Vichwa vya bolti vimetokeza. Kidogo tu, lakini mbao haina huruma.

"Ipandishe gari nzima," nikasema.

"Nikiipandisha upepo unapotea, Bibi. Itazunguka tena." Bolti ambazo vichwa vyake huzama ndani ya ubao anazijua, lakini anakozinunua leo kumefungwa. Akabaki kashika usukani, hashuki.

Sleiman kasimama mlangoni, kayaona yote. "Khalas, yamekwisha," akasema. "Kesho tutafute mnunuzi." Akaingia ndani. Mimi nikamwangalia mgongo wake, nikamkasirikia.

Nikamchukua Shatha kwa nguvu nikampeleka kwa dada yangu Mahfudha, angalau ale. Tuliporudi alasiri, yeye akaingia chumbani kwake akajitupa kitandani na abaya yake. Mimi nikapitia uani, nikamkuta Sleiman anaanika kanzu. Yule bwana tangu anioe hajasuuza hata kikombe! Na kanzu yenyewe mgongoni ina mabaka mekundu.

"Nini hii?"

"Damu ya samaki. Nilikwenda Qantab kwa wavuvi, nikanunua yule samaki changu."

"Yuko wapi huyo changu?"

"Nimempa jirani."

"Jirani yupi?"

"Nasriya, mambo mengine mtu hufanya kwa ajili ya Mungu, hayatangazwi."

Nikanyamaza. Mimi nikinyamaza wanaonijua huogopa, lakini Sleiman akaondoka anapiga mluzi.

Jumamosi tukaipandisha gari kwenye tela, tukaenda uwanjani. Kule Shatha kaazima tupa kwa mwenzake, kanuia kuvisaga vile vichwa kabla ya zamu yake. Sleiman naye kaja, ati kumwangalia mnunuzi asituibie. Hatujavuta pumzi, tukaitwa sisi wa kwanza. Shatha akaiweka tupa chini, akavaa kofia yake ya chuma, akakaa kwenye usukani kafumba macho.

Mkaguzi jina lake Khalil, mnene, mpole. Akapiga magoti na kigogo chake. Nikaushika mkono wa Sleiman, nikaukuta una jasho kuliko wangu.

Kigogo kikaenda. Kikafika nyuma. Kikatoka upande wa pili.

Khalil akakirudisha tena, hakikusema hata "kwaru". Akaingiza kioo.

"Halwa ya nani hii?"

"Yetu sote," nikamwambia. "Ukitupitisha utaletewa."

Akacheka, akaendelea kuchungulia. "Mashaallah. Na bolti mmezizamisha ndani, zimelingana na ubao, unapitisha kiganja. Wengi hapa huja na vichwa nje. Bint, fundi wako nani?" Akabandika karatasi ya kijani kwenye kioo cha mbele. Imepita.

Shatha akavua kofia. "Bolti zipi?"

Akashuka, akalala pale pale kwenye lami na suti yake nzima, akatazama. Alipoinuka macho yamejaa maji.

"Babu. Hizi ni zile za kwenye kopo lako la maziwa."

"Mimi?" Sleiman akasema. "Jana mimi nilikuwa Qantab. Muulize bibi yako, damu ya samaki kaiona kwa macho yake."

"Nimeiona," nikasema. "Kwenye kanzu, mgongoni, baada ya kufuliwa kwa sabuni."

Shatha akanitazama mimi, akamtazama babu yake, akaviangalia viganja vyake mwenyewe. Akaanza kucheka huku analia.

"Hebu tuambie, bwana," nikasema. "Huyo changu wa Qantab ulimnunua, au ulimlalia?"

Sleiman akakohoa kile kikohozi chake.

"Alikuwa mkubwa," akasema, na mikono yake, yenye kucha za manjano, akaificha nyuma.