Maboksi ya Chiriku

Chama cha kulinda ndege kilimwita Mama Brashi, fundi wa mabango, awachoree ukuta wa mbele wa ofisi yao kabla ya sherehe ya Jumamosi. Walitaka ndege wakubwa kwa wadogo, na juu yao maneno: NDEGE SI BIDHAA. Kazi aliipenda. Siku mbili alichora kwa moyo mweupe, hata mumewe akamtania kwamba safari hii ameolewa na ukuta.

Ijumaa akahitaji ngazi ndefu. Mtunza stoo akampa ufunguo, akamwambia asikawie humo ndani. Alipofungua mlango tu, harufu ikampokea. Haikuwa ya panya wala ya unyevu. Ilikuwa nzito, tamutamu, ya kitu kinachooza kabla hakijafa.

Nyuma ya ngazi palikuwa na maboksi matatu ya sabuni yaliyotobolewa matundu. Akafunua moja. Chiriku walikuwa wamesongamana, walio hai wamesimama juu ya mizoga, na mizoga imegandana na mtama uliolowa mavi. Mabawa yalijaa ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege. Mmoja alikuwa akijisafisha, na kila aling'oapo unyoya, ngozi ilikuja nao. Chini kabisa funza walikuwa kazini. Mama Brashi alitoka mbio, akatapikia ndoo yake ya rangi nyeupe.

Mtunza stoo alimweleza bila kupepesa macho. Ndege hao wamenunuliwa kwa mtegaji ili kesho wageni wawarushe hewani na kupigwa picha. Kila mwaka ndivyo. Huagizwa mia mbili, kwa sababu nusu hawafiki.

Akaenda kwa mkurugenzi. Alimkuta akimenya chungwa, naye akaendelea kumenya. Alisema kwa upole kwamba watu hawaelewi kwa hotuba, huelewa kwa macho. Wakiona ndege wanaruka, mioyo hulainika. Wachache wakifa, ndiyo gharama ya kuelimisha.

"Na huyo mtegaji anayewaletea, mtamwelimisha lini?"

"Mama, wewe chora. Ya stoo tuachie wenyewe."

Akamkaribisha kipande cha chungwa. Vidole vile vinavyochuruzika maji vilimchefua kuliko funza.

Akampigia simu wifi yake, daktari wa mifugo. Wifi alikuja na gari lake. Alipochungulia boksini hakufanya mzaha, na huyo ni wifi anayetia mzaha hata msibani.

"Wifi," alisema, "hawa hatuwaombi. Tunawachukua."

Maboksi mawili yakaenda garini. La tatu Mama Brashi aliliingiza kwenye chumba ambamo kamati na mkurugenzi walikuwa kikaoni, akaliweka mezani juu ya makabrasha, akalifunua. Hakuhutubia. Watu wakaziba pua. Funza mmoja akaangukia ratiba ya sherehe. Mwenyekiti, mama mtu mzima, alitia mkono akamtoa chiriku aliyekuwa anahema mdomo wazi, akamtazama mkurugenzi. Ndege akamfia kiganjani.

Sherehe ilifanyika bila ndege. Mkurugenzi alitangaza, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba chama, kwa kujali ustawi wa ndege, kimeamua kuacha desturi ya kuwarusha. Akapigiwa makofi. Mama Brashi, aliyekuja kuchukua makopo yake, aliyasikia makofi hayo akiwa nje, akaanza kuyafunika makopo. Mwenyekiti alimfuata akamsihi amalizie ukuta.

"Mama yangu, nakuheshimu," akajibu, "ila mkono umekataa."

Nyumbani kwa wifi waliulainisha ulimbo kwa mafuta ya kupikia, kisha wakawaosha ndege kwa maji ya uvuguvugu, unyoya kwa unyoya. Wengi walikufa. Ishirini na watatu walikaa wiki kadhaa katika banda la waya mpaka manyoya yakaota. Siku ya kuwaachia hapakuwa na mpiga picha. Walifungua mlango, wakarudi nyuma, wakasubiri. Chiriku wakatoka mmoja mmoja, wakatua kwenye kamba ya nguo, kisha wakaenda zao.

Wawili mabawa hayakupona. Hao wako kwa wifi hadi leo, naye huwaambia wageni kwamba ni wifi zake wadogo, ndiyo maana hawaondoki.