Mtu wa Mlango na Nyimbo Tisa

Niseme mapema ili tusisumbuane: mwaka 1999, Gisenyi nzima, hapa Rwanda, hakukuwa na mtu aliyefasiri filamu kunishinda mimi, Kayitare. Ng'ambo ya mpaka, kule Goma, Kongo, alikuwepo mmoja aitwaye Bizumuremyi, na wapo waliomsifu. Waliomsifu walikuwa bado hawajanisikia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Onésphore alikuwa na ukumbi wa video nyuma ya soko: televisheni moja juu ya kabati, deki, spika mbili, mabenchi na pazia jeusi mlangoni. Mimi nilikaa kando ya televisheni na maiki yangu. Filamu ikianza, napunguza sauti yake, kisha nawaambia watu kwa Kiswahili wale wazungu au Wachina wanasema nini. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na niliporudi nyumbani nilirudi na Kiswahili ambacho watu wa hapa walikiita cha vitabu. Sokoni walinicheka. Jumamosi walewale waliminyana kwenye mabenchi ili wakisikie.

Kiingereza changu, tusidanganyane, kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa. Lakini filamu za ngumi hazidai zaidi ya hapo. Mwenye miwani myeusi ni mbaya, mwenye mama mgonjwa ni mwema, na mengine unayajaza mwenyewe. Na sikuwahi kuitazama filamu kabla ya watu. Niliona huo ni woga. Mfasiri wa kweli anaingia ndani ya filamu kama anavyoingia majini, nguo na viatu.

Bila maiki mimi ni mchuuzi wa viazi vya Mudende katika soko la Mahoko, tena mchuuzi mbaya. Kinyarwanda changu kilikuwa na lafudhi, na wanawake wa sokoni walikuwa wakinirudishia maneno yangu huku wakishikana mabega kwa kicheko. Kwenye ukumbi wa Onésphore hakuna aliyenicheka nisipotaka. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kwa nini niliogopa kunyang'anywa ile maiki, ajue hivyo.

Na nilikuwa karibu kunyang'anywa. Onésphore alikuwa amekwenda Goma, akamsikia Bizumuremyi akifasiri, akarudi na habari kwamba yule bwana anaigiza hata sauti za wanawake. Tangu siku hiyo akawa ananitazama kama mtu anayetazama kiatu akijiuliza kama kinafaa kushonwa tena.

Wiki hiyo Robinah, mwalimu aliyerudi kutoka Uganda, akatuletea kanda ya katuni aliyopewa na binamu yake. Sikuuliza ni katuni ya nini. Nilichukua chaki nikaandika kwenye ubao wa nje: JUMAMOSI SAA NANE MCHANA, KATUNI KUBWA, MFASIRI KAYITARE. Jina langu lilikuwa kubwa kuliko katuni.

Ijumaa Robinah akapita, akasoma, akasimama.

"Kayitare, utafasiri nini? Hamna maneno mule."

"Kila filamu ina maneno, mwalimu."

"Hii hamna. Wanamuziki walirekodi albamu, nyimbo tisa, halafu wachoraji wakaja wakachora katuni juu ya zile nyimbo, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayeongea hata mara moja."

Nikamuuliza kilichotangulia ni kipi, akasema nyimbo. Nikamwambia basi hao ni mafundi waliomaliza kushona nguo ndipo wakatafuta wa kumvisha. Hadithi haiendi hivyo.

"Hilo shati lako ni la mitumba," akasema Robinah. "Aliyelishona hakukujua, na limekukaa vizuri tu."

Ningeweza kulifuta jina langu pale ubaoni. Lakini Bizumuremyi angepata habari kabla ya jioni, maana mpaka wa Goma huzuia watu, hauzuii umbea. Nikaliacha. Onésphore alikuwa amesikia yote akiwa nyuma ya pazia.

"Donc kesho iko filamu bila maneno," akasema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, "na we uko mutu wa maneno. Sikiliza, Kayitare. Kama kesho mutu moja anatoka mbele ya mwisho, moja tu, juma inakuja namuita ule wa Goma."

"Hatatoka mtu, patron," nikasema. Kiburi kina mdomo mwepesi.

Jumamosi ukumbi ukajaa. Mbele kabisa alikaa mama Pascasie, muuza sambaza, beseni lake tupu miguuni, kwa maana aliuza samaki wote mapema ili awahi. Nyuma yake alikuwa Hakizimana, anayevuka kwenda Goma kila asubuhi na unga na kurudi na vitenge. Robinah alikaa pembeni, mikono mapajani, kama anayesimamia mtihani. Onésphore akasimama palepale penye pazia ili ahesabu watakaotoka.

Katuni ikaanza. Mtu mwembamba anatembea, mgongoni amebeba mlango. Mlango mzima wa mbao, na bawaba zake. Ngoma inapiga, gitaa linaifuata, naye anatembea. Nikawasha maiki nikaanza kazi. Nikasema huyu ni seremala, amefukuzwa na mke, na kwa hasira ameondoka na mlango wa nyumba ili mke alale na upepo. Watu wakacheka. Nikamtazama Onésphore kumwambia kwa macho: umeona?

Wimbo wa pili ukaingia, mwanamke anaimba kwa lugha nisiyoijua. Nikafanya nilichozoea kufanya, nikapunguza sauti ya filamu ili yangu isikike. Hapo ndipo nilipoharibu. Mguu wa yule mtu ulikuwa unakwenda na ngoma, na kichwa chake kiliinama pale sauti ya mwanamke iliposhuka. Nilipoiondoa ngoma, akabaki anachechemea kwenye kioo kama mtu aliyeshikwa na tumbo la kuendesha. Nikasema anatafuta kazi. Nikasema amepotea njia. Mabenchi yakaanza kulia, watu wakijigeuzageuza.

"Kayitare," akasema mama Pascasie, "rudisha ule muziki."

"Nafasiri, mama."

"Unafasiri nini? Mutu anatembea. Siye wote tunaona anatembea."

Wakacheka, na safari hii nilichekwa mimi. Kilikuwa kicheko kilekile cha Mahoko. Nikaongeza sauti ya filamu hadi mahali pake. Uso ulikuwa unawaka. Nikafungua kinywa kwenye wimbo wa tatu nikitafuta pa kuingilia, na sikupaona, kwa maana kila nafasi ilikuwa na ngoma yake au pumzi ya yule mwanamke. Nikazima maiki nikailaza gotini.

Jamani, kunyamaza ni kazi. Mtu anayesema kunyamaza ni rahisi hajawahi kulipwa kwa kusema. Nilikuwa nikiona kitu, sentensi inanijia tayari imevaa, nami naimeza. Yule mtu akafika shambani, akausimamisha mlango wake katikati ya majani, akabisha. Vidole vyake vilibisha na ngoma. Hakuna aliyefungua. Akafika mjini, akausimamisha barabarani, ukafunguliwa, mkono ukamwagia maji ya kuoshea vyombo. Watu wakacheka wote kwa pamoja, bila mimi. Sijui kama mtu anaweza kuionea wivu katuni, lakini mimi niliionea.

Kwenye wimbo wa tano aliulaza mlango juu ya mto akaupanda kama mtumbwi. Hapo Hakizimana akainuka. Akapita mbele ya magoti ya watu akiomba radhi, akasogeza pazia, akatoka. Mwanga wa mchana uliingia, ukafuta picha kwa muda, kisha giza likarudi. Onésphore akanitazama, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyekamilisha hesabu.

Basi, nikasema moyoni, yamekwisha. Nikauona mzani wa viazi. Nikawaona wale wanawake wa Mahoko wakishikana mabega. Nilimchukia Robinah na kanda yake, nikamchukia Hakizimana na unga wake wote, na zaidi nilijichukia mwenyewe kwa lile jina kubwa ubaoni.

Wimbo wa sita, niseme kweli, haukuwa na kitu. Uliimbwa mrefu, na wachoraji walionekana wamechoka, wakatujazia ndege wanaozunguka, wanazunguka tena, wanazunguka tu. Nguo ilikuwa pana kuliko mtu. Watu wakapiga miayo. Kidole changu kikaenda kwenye swichi, maana hapo ningetia utani mara mbili na kuwaamsha wote, na pengine Onésphore angekumbuka mimi ni nani. Sikubonyeza. Nilikuwa nimemkasirikia mama Pascasie, nikataka aone mwenyewe jinsi filamu inavyochosha nisipoisaidia.

Kisha wimbo wa saba, gitaa peke yake. Yule mtu akautua mlango, akavua shati alikung'ute, nasi tukayaona mabega yake. Yalikuwa na mifereji miwili, alama za kamba za mlango. Akakaa chini. Gitaa likawa linadondosha sauti mojamoja, naye kwa kila sauti alikuwa anafumba jicho na kulifumbua.

Nikamwona baba yangu. Miaka thelathini Karagwe alikataa kujenga nyumba ya matofali. Majirani walijenga, sisi tukakaa kwenye ya udongo, kwa sababu, alisema, tunarudi mwaka ujao. Alikataa kupanda mibuni, kwa maana mbuni unachukua muda, na sisi tunarudi. Alifia kwenye nyumba ile ya udongo. Nilimlilia siku ile, nikadhani nimemaliza. Sasa nilikaa kando ya televisheni ya Onésphore, machozi yananidondokea kwenye maiki, na hata kama ukumbi mzima ungeniomba nifasiri nisingeweza.

Pazia likasogezwa. Akaingia Hakizimana, amemshika mkono mke wake, Mutoni, ambaye bado alikuwa na unga viganjani na mtoto mgongoni.

"Sogeeni kidogo," Hakizimana akasema. "Nilienda kumuita. Hii lazima aone."

Watu wakasogea. Sikumtazama Onésphore, nilikuwa nimeinamisha uso.

Mwishoni, kwenye wimbo wa tisa, yule mtu aliikuta nyumba kilimani, kuta na paa vipo, mlango hakuna. Akautua wake, akaujaribu. Haukuingia, ulizidi kidogo upande mmoja. Akatoa randa, akaanza kuuranda, na randa ikawa inakwenda na ngoma, maranda yanaruka, hadi picha ikaisha. Hatukuona kama uliingia.

Hakuna aliyeinuka. Kisha wakainuka wote, wakatoka nje kwenye jua, na ugomvi ukaanza palepale mlangoni.

Mama Pascasie alisema nyumba ile ni ya mama wa yule mtu, ndiyo maana aliinama kabla ya kuigusa. Hakizimana akasema hapana, ni ya mke aliyemwacha, na mke yuko ndani anamchungulia. Mutoni, ambaye alikosa zaidi ya nusu, akasema yule ni mwizi, mlango ameuiba na sasa roho inamsuta anaurudisha.

"Mwizi gani?" akasema mama Pascasie. "Kayitare alisema ile nyumba ni ya mama yake."

"Kayitare alisema ni ya bibi yake aliyemwacha," akasema Hakizimana. "Mi niliisikia, nilikuwa nyuma yako."

"Hata mi nimesikia alisema mwizi," akasema Mutoni, naye aliingia nikiwa nimenyamaza kwa nyimbo nne.

Nilisimama pale na maiki mkononi. Robinah alinitazama akatabasamu tu, na namshukuru mpaka leo. Wakamwita Onésphore aamue, kwa sababu ukumbi ni wake.

Onésphore akajikuna kidevu. Macho yake yalikuwa mekundu, akayafuta kwa ncha ya mkono wa shati.

"Musibishane bure," akasema. "Kayitare alisema ile nyumba iko ya baba yake. Mzee alifia mbali, hakufika. Sasa mutoto ndiye anapeleka mulango. Niliisikia na masikio yangu."

Habari za baba yangu sikuwahi kumwambia Onésphore, wala mtu yeyote katika mji ule.

"Patron," nikasema, "mimi sikusema neno. Tangu wimbo wa tatu maiki ilikuwa imezimwa." Nikamwonyesha swichi.

Onésphore akaiwasha swichi, akaizima tena. Mama Pascasie alikuwa ameshajitwika beseni lake, anamwambia Mutoni kwamba kesho baada ya misa atakuja na dada zake watatu.

"Bon," akasema Onésphore. "Kesho uizime vile vile."

Jumapili saa nane nilivaa shati nililolipiga pasi, nikakaa kwenye kiti changu mbele ya ukumbi uliojaa hadi mlangoni, nikazima maiki, nikaishika wima kifuani, nikaifasiri filamu nzima.