Mgeni wa Mukhtari

Tangi la samaki la baba mkwe wangu lilikuwa na bwana mmoja tu, naye hakuwa baba mkwe wangu. Alikuwa samaki mweusi, mnene kama kiganja cha mtoto, mwenye madoa meupe. Hajj Nayif alimwita Mukhtari, mzee wa mtaa, kwa kuwa mtu yeyote akipita karibu na kioo, samaki huyo alitoka mlangoni mwa pango lake na kumkodolea macho: wewe nani, watoka wapi, wataka nini hapa?

Pango lile alilipanga marehemu mama mkwe, Hajja Fidda, jiwe juu ya jiwe, mikono imezama kwenye maji ya chumvi hadi viwikoni, huku akimfokea mumewe asimwelekeze. Tangu alipofariki, mwaka jana, Hajj alisafisha kioo, akabadilisha maji, akamkatia Mukhtari kamba vipande vidogo vidogo. Mawe hakuyasogeza. Ukungu ulioota juu yake aliusugua kwa mswaki, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mgongo.

Binti yangu Talin naye alikuwa na samaki wake, Mishmish, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, mdogo kama kidole gumba. Wiki ile tangi letu lilipasuka kona, maji yakamwagika sebuleni, na Mishmish akahamia kwenye ndoo. Samaki wa bahari hakai ndooni. Maji yanachafuka upesi, na yeye alikwishaanza kupanda juu kutafuta hewa.

"Mleteni kwangu," Hajj alisema kwenye simu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Tukampeleka. Hajj akampokea kama sisi watu wa Aqaba tunavyopokea wageni. Mishmish alielea kwanza tangini ndani ya mfuko wa plastiki ili azoee joto la maji, akaongezewa maji ya tangi kidogo kidogo. Kisha mfuko ukafunguliwa mbele kabisa ya pango, kwa sababu mgeni humsalimia mwenyeji kabla ya kuketi. Mukhtari akapewa kamba wa kwanza, kwa heshima yake. Kitu chochote hakikuhamishwa. Nani anapangua sebule ya mwenyeji kwa ajili ya mgeni?

Mukhtari alitoka kama jiwe la manati. Akamng'ata Mishmish mkia, akamzungusha kwenye kona, akamng'ata tena. Talin alipiga ukelele hadi jirani akafungua dirisha. Nilimwopoa kwa chujio la chai, mkia umechanika, nikamrudisha ndooni.

Muuza samaki wa mapambo alicheka nilipomweleza. "Anayefungwa ni mwenyeji, mama, si mgeni! Mtie kwenye kikapu chenye matundu humohumo tangini, vuruga mawe yote, kisha mwache mgeni atembee. Mwenyeji akitoka hatauona mtaa wake. Atagombania nini?"

Nikaenda kumwambia Hajj.

"Kikapu, sawa," alisema. "Mawe, hapana."

"Baba, mawe yasiposogezwa atamuua."

"Mama Talin. Nimesema."

Nilijua mawe yale ni mikono ya nani. Lakini Mishmish alikuwa amelala ubavu kwenye ndoo, na njia nzima Talin aliniuliza kama samaki huzikwa.

Kesho yake alasiri tulikwenda tena, ndoo mkononi. Abu Fawwaz, jirani yake wa miaka mingi, alikuwa ameketi zuliani. Hajj alimimina kahawa, na kwa utani akamtilia Talin tone moja kwenye kikombe, kama mtu mzima. Talin akakipokea kwa mkono wa kulia. Akakiweka chini mbele yake, akakunja mikono.

Nilikitambua kitendo kile. Siku chache kabla, wazee walikuwa wamekuja kumposa mdogo wangu, na mkubwa wao aliweka kikombe chake chini vilevile, hakukigusa mpaka baba yangu aliposema ndiyo. Talin alikuwa nyuma ya pazia. Mimi sikumfundisha, Mungu shahidi.

"Kunywa, roho ya babu yako," alisema Hajj.

"Sinywi."

"Chungu?"

"Nina haja."

Abu Fawwaz alijipiga paja, akamgeukia Hajj. "Umepatikana leo, Abu Ratib! Umevamiwa na ujumbe wa mtu mmoja, tena hana meno ya mbele!"

"Nyamaza wewe. Haya, mheshimiwa, sema haja yako."

"Sema ndiyo kwanza."

"Wewe! Ujanja huu kaurithi kwa nani?"

"Kwa bibi yake," alisema Abu Fawwaz, kisha akainamisha kichwa, kama mtu aliyekanyaga kitu cha thamani gizani.

Hajj alitazama tangi. Pampu ilikuwa ikitoa mapovu. Mukhtari alikuwa mlangoni mwake.

"Nataka mawe yasogezwe," Talin alisema, sauti ikianza kutetemeka. "Mishmish asife. Bibi mwenyewe alikuwa anayasogeza kila Idi. Wewe ulikuwa unamgombeza."

"Kahawa inapoa," alinong'ona Abu Fawwaz. "Mtaa mzima utasikia umemnyima mgeni haja yake."

Hajj hakumsikia. Nilidhani amekasirika. Kumbe mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Kila Idi," alisema. "Mawe, kabati, kitanda! Narudi bandarini nimechoka, najigonga kwenye kabati katikati ya chumba. Mwanamke yule hakuacha kitu kitulie hata siku moja." Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba chake. "Nami nimekaa hapa mwaka mzima namlindia mawe."

Akamsogezea Talin kikombe.

"Kunywa kahawa yako, mjumbe. Umepata."

Talin akainywa yote, uso umekunjamana kwa uchungu.

Tukamtia Mukhtari kwenye chujio kubwa la mboga, tukalining'iniza ukingoni mwa tangi kwa vibanio vya nguo. Taa tukazima, mapazia tukashusha. Hajj akakunja mikono ya kanzu, akazamisha mikono hadi viwikoni, akainua jiwe la kwanza.

"Lile la bapa liweke kushoto," alisema Abu Fawwaz.

"Usinielekeze!"

Mishmish alipoingia, alizunguka mara moja, akapenya kwenye ufa mpya na kutulia. Mkia wake ulikuwa bado umechanika, lakini alikuwa akipumua vizuri. Mukhtari alitazama yote haya kutoka gerezani, madoa yamepauka kwa hasira.

Alipofunguliwa siku chache baadaye, alikwenda moja kwa moja mahali pa pango lake. Hapakuwa na pango. Akazunguka huku, akazunguka kule. Alimfukuza Mishmish kidogo, kwa mazoea tu, kisha akaanza kuchimba mchanga chini ya jiwe la bapa. Alikuwa na nyumba ya kutengeneza.

Ijumaa iliyofuata tulimkuta Hajj akitufungulia mlango huku anachechemea. Sebuleni, kabati lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Kitanda chake, kupitia mlango ulio wazi, kilikuwa chini ya dirisha.

"Baba, goti lina nini?"

"Usiniulize," alisema, akimpokea Talin kifuani. "Nimejigonga mara mbili tangu asubuhi."