Bolti ya Nyuma, Upande wa Usukani

Neno lenyewe nililisema mimi, asubuhi, mkate ukiwa bado mdomoni. Nilimwambia Royce kwamba pete yake ya ndoa inalala na msumari wa bandani kuliko inavyolala na mimi, na kwamba huenda siku ile kanisani nilikuja kumsindikizia msumari mume wake. Ulikuwa utani. Kila anayeshika injini huvua pete kwanza, nami nalijua hilo kwa miaka arobaini na sita. Lakini mzee aliinuka, akaenda bandani, akaitungua pete, akaivaa, akaja kunionyesha kidole dirishani kama bibi harusi. Hakuivua tena.

Siku hiyo alikuwa anafunga mabomba mapya ya ekzosi kwenye pikapu yetu ya silinda nane, gari pekee tulilonalo, nasi tunakaa kilomita tisini za vumbi jekundu kutoka mji wa Bourke, hapa Australia. Mabomba yenyewe ni manne kila upande, yamepindana kama matumbo ya kondoo, na aliyeyapinda hakujiuliza mkono wa mtu utapita wapi. Bolti zote zinafikika isipokuwa moja, ya nyuma kabisa, upande wa usukani. Kwa ajili ya hiyo moja Royce alichukua spana nzima, akaipasha moto hadi ikawa nyekundu, akaikunja kama kiwiko. Trevor, jirani yetu wa mbali, alikuwa amemshauri ainyanyue injini kidogo kwa jeki apate nafasi. Royce akajibu kwamba hiyo ni kazi ya wavivu.

Adhuhuri akaiwasha. Mabati ya banda yalitetemeka, kuku wakahama. Sasa, mabomba mapya yakishapata moto, bolti hulegea. Inabidi injini izimwe, ipoe kabisa, ndipo zikazwe upya. Kupoa huchukua nusu siku. Royce alisubiri kikombe kimoja cha chai.

Nikamsikia ananiita. Aliniita kwa sauti ya chini, na ndiyo maana nilikimbia, maana Royce asiyefoka ana jambo.

Nilimkuta amejiinamia chini ya boneti, mkono wa kushoto umezama hadi juu ya kifundo, kati ya bomba la nyuma na fimbo ya usukani. Alipoungua alijivuta kwa nguvu, pete ikanasa kwenye ncha ya bolti inayofunga ile fimbo. Kidole kilikuwa kinavimba, na bomba linaendelea kumchoma kifundo. Nilitaka kumwaga maji, akanikataza, akasema mvuke utammaliza. Basi nikaleta pakiti ya njegere za barafu, nikaipenyeza kati ya ngozi na chuma. Ikayeyuka kabla sijahesabu hadi mia. Nikaleta ya pili. Hapakuwa na ya tatu.

Simu ya nyumbani ilikuwa imekatika tangu upepo wa Alhamisi. Ya mkononi hushika mtandao juu ya kilima tu, kilomita tatu, nami nyonga yangu ni ya kuombea. Royce alikuwa amegeuka rangi ya jivu, anayumba. Akianguka, kidole kitabaki humo.

"Merle," akasema, "kalete mkasi mkubwa wa waya."

"Waya upi?"

"Si kwa waya. Kwa kidole."

Nilisimama pale nikiangalia ule msumari mtupu ukutani, nikaona kwamba mdomo wangu ndio uliomfunga mtu huyu kwenye injini.

"Mkasi hautapita humo," nikamwambia. "Ungepita mkasi, ungepita mkono. Niambie bolti ipi inashikilia injini upande huu. Nainyanyua."

"Huwezi."

"Basi nielekeze nishindwe vizuri."

Akanielekeza. Nikalala kwenye zulia kuukuu, nikatambaa chini ya gari. Bolti ile iligoma. Nikachomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, likatokeza nje nyuma ya gurudumu, nikatoka nikalikalia. Juu yangu nikamsikia anasema kwa sauti ya mlevi kwamba miaka yote alikuwa akijiuliza makalio haya yaliumbwa kwa kazi gani. Nikamwambia anyamaze atunze pumzi. Bolti ikalia, ikaachia, nami nikakaa chini kwa kishindo.

Jeki niliiweka chini ya tumbo la injini, na juu ya jeki ubao wangu wa kukatia mkate, chuma kisije kikatoboa. Nikapampu. Injini ingeinamia upande mbaya ingemsaga mkono wote, na mimi nisingeona kitu kutoka kule chini. Mara ya tano akapiga yowe. Nikaacha.

"Mbona umeacha?" akauliza. "Endelea, mwanamke."

Nikaendelea huku nalia, na machozi ukiwa umelala chali huingia masikioni. Ubao ukapasuka nusu. Kisha nikasikia mtu anaanguka sakafuni, na nikamwona uso kwa uso chini ya gari, mkono kifuani, wote. Pete ilikuwa imezama ndani ya nyama, na kidole kilikuwa cheusi.

Niliishusha injini, nikairudishia bolti yake kwa kubahatisha, nikaendesha mimi. Ile bolti ya nyuma ilikuwa bado imelegea, gari likapiga kelele kama bunduki hadi Bourke, kangaruu wakitukimbia pande zote. Royce alikuwa ameegemea mlango. Nilizungumza naye njia nzima.

Muuguzi aliikata pete vipande viwili. Kesho yake daktari akakata kidole kwenye kiungo cha pili.

Nilikaa kando ya kitanda nikisubiri aseme kuhusu lile neno langu la pete. Nilikuwa tayari. Akafumbua macho, akatazama bendeji, akanitazama mimi.

"Ile ya nyuma uliikaza?"

"Hapana."

"Mkono wako ni mwembamba," akasema, akageukia ukutani.

Niliikaza Jumamosi iliyofuata, injini imelala baridi usiku kucha, yeye ameshika taa na kunielekeza vibaya. Kabla ya kuingiza mkono nilivua pete yangu, nikaitundika msumarini pamoja na vipande viwili vya pete yake. Ipo huko hadi leo, naye hajaniuliza.