Doa la Tatu la Lukenya

Doa lilizimika. Mutisya alifumba macho, akayafumbua, akainamia kioo cha rada mpaka pua ikagusa. Hakuna kitu. Akapangusa macho kwa kiganja. Jumatatu ijayo mafundi wote wa uwanja wa ndege wangepimwa macho, na atakayeshindwa angepewa barua ya kwenda kupumzika. Kupumzika wapi, na kufanya nini mchana kutwa, barua haikusema.

"Kale kandege kadogo kako wapi?" aliuliza Caleb, aliyekuwa akiongea na marubani. "Nimekaambia katuzunguke upande wa kusini, kasisogee karibu wala mbali, kapishe ndege kubwa ishuke. Sasa redio yake kimya."

"Kamepotea."

"Kamepotea, ama wewe ndiye hukaoni?"

Mutisya alikuwa akijiuliza swali hilo tangu Krismasi, na lilikuwa limemchosha. Nje, wingu la Julai lilikuwa limelalia uwanja wa Embakasi, zito, halina haraka.

Mashine ile hakuisomea. Aliwashikia wazungu tochi walipoifunga, mwaka wa sabini, mengine akayapata kwa kuuliza. Inatuma wimbi, inangoja mwangwi, inaulinganisha na uliotangulia. Kilichorudi vilevile inakifuta: mlima, nyumba, tangi la maji. Kinachokuja ama kinachokwenda zake, inakiacha.

"Umekaambia kasisogee," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Basi kanatuzunguka kwa umbali uleule. Mashine imekadhania kilima."

Akapeleka mkono kwenye swichi ya kichujio, kile kinachofuta visivyosogea.

"Mzee, ukizima hiyo kioo kitajaa takataka. Ile kubwa imebakisha dakika nne itue."

"Si takataka. Ni milima yangu."

Kila asubuhi, kabla ya kazi, alizima kichujio akaikagua milima kama imeamka salama. Caleb alikuwa na mzaha wake: mzee ameenda kuamkia wakwe.

Akazima. Kioo kikawa cheupe kama unga uliomwagika. Ngong, mabati ya Industrial Area, maghala, vyote vikarudi kwa pamoja. Kwa macho yale asingetambua kitu, ila kidole chake kilijua njia. Kikapita taratibu, kikasimama.

"Kilima cha Lukenya ni madoa mawili. Leo ni matatu."

"Una hakika?"

"Nimeoa huko, bwana."

Caleb akaishika redio, akaiambia ndege kubwa ibaki juu. Baada ya robo saa kandege, redio yake bado kimya, kakachoka kungoja, kakachomoza chini ya wingu, kakatua kakiyumba kama mtu aliyeshuka na mzigo.

Hakuna aliyeshangilia. Caleb alitoa leso, akafuta alama ya pua kwenye kioo. Aliitazama ile leso, halafu akamtazama Mutisya.

"Jumatatu wahi mapema, mzee," alisema kwa upole. "Foleni huwa ndefu."

Jioni hiyo jua lilikuwa bado halijazama Mutisya alipoketi mlangoni kwake Kaloleni, mikono magotini. Nzilani, mkewe, alirudi kutoka Muthurwa na kikapu cha mboga za sukuma, kikamgonga bega.

"Mbona umetulia hivyo, baba Ndanu? Nusura nikukanyage."

Mke akaingia ndani; sufuria zikaanza kulia. Watu wa kazi walikuwa wakirudi, wakipita mbele yake, hawageuki, kama wanaopita kilima.

Mutisya aliunyosha mguu mmoja, akaurudisha. Akaunyosha tena.